Radhi Aliyopewa Maiti

Hapo zamani, wala si zamani za masultani na majini, ni zamani zetu hizi hizi, filamu za Kiswahili zilipokuwa zikiuzwa kwenye sidii mpaka sokoni katikati ya mafungu ya nyanya, alikuwako Tanga mwigizaji jina lake Mwantumu Mhando. Sogeeni karibu. Lakini kila mtu ashike simu yake, maana katika hadithi hii hakuna wa kumwamini, na msimulizi naye mtupieni jicho.

Mwantumu alikuwa na sura ya upole, na ndiyo maana walimpa watu wabaya awaigize. Katika filamu yake ya kwanza alikuwa binti anayemfukuza baba yake mzee usiku wa mvua. Alimtoa nje, akamrushia mto wake wa kulalia kwenye matope, akafunga mlango. Aliigiza vizuri mno, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Baba yake wa kweli, Mzee Mhando, alikuwa Pangani, na kazi yake ilikuwa kuosha maiti. Wanaume waliofariki mtaani kwake, wengi walipita mikononi mwake. Alikuwa mtu wa maneno machache, asiyependa mzaha, na hakuwahi kuiona filamu hata moja. Ile filamu ya binti yake ikafika Pangani, ikaonyeshwa kwenye kibanda cha video, na kesho yake mzee alipotoka msikitini watu wakaanza kumpa pole. Mmoja akamuuliza, "Mzee, siku hizi unalala wapi?" Mwingine akamletea mto. Alimletea mto kweli, ameukumbatia kifuani, anamhurumia!

Mzee Mhando akarudi nyumbani na ule mto kwapani, watoto wa mtaa wakimfuata nyuma wakicheka. Akatuma watu, binti yake aitwe. Mwantumu akaja mbio, akidhani mtu anaumwa.

"Baba, yule si mimi," akasema alipoelezwa. "Yule ni mtu wa hadithi."

"Sura ni ya nani?"

"Yangu, baba."

"Na sauti?"

"Yangu."

"Mkono uliorusha mto?"

Mwantumu akauficha mkono ndani ya kanga.

"Basi mimi sina radhi na mtu aliyefanya uongo kuwa kazi," akasema mzee. "Radhi yangu utaipata siku nitakaposimama mbele ya maiti yako. Kabla ya hapo usinidai."

Mama mtu akalia, akamshika mumewe miguu. Mzee akasema alichosema amekisema. Miaka ikapita. Mama akafariki, na neno lake la mwisho lilikuwa, "Mpe mtoto radhi yake." Mzee akamfunga macho mkewe, radhi hakuitoa.

Sasa, aliyekulia pwani anajua maana ya kukosa radhi ya mzazi. Mwantumu aliolewa, mimba ya kwanza ikaharibika, na ya pili nayo ikaharibika. Mawifi hawakumwambia kitu usoni, lakini alisikia wakinong'ona jikoni: yule hana radhi. Ubaya wenyewe ni kwamba hata yeye aliamini hivyo. Jina lake lilikuwa kwenye mabango, watu wakimwita mtaani kwa majina ya filamu zake, na moyoni hakutaka kingine chochote ila lile neno moja la baba yake. Kila Idi alimpelekea kanzu. Kila Idi kanzu ilirudi imekunjwa vilevile.

Basi, Tanga kulikuwa na mwongozaji wa filamu anaitwa Shekue. Mwembamba, mpole, anacheka kabla hujamaliza kusema, na watu wa namna hiyo muwe nao macho. Shekue hakuwaandikia waigizaji maneno. Alikwambia wewe ni nani na umefikwa na nini, kisha akakuacha ujitafutie. Na kamera zake alizificha. Moja ndani ya kabati lenye mlango uliotobolewa, moja nyuma ya pazia, moja kwenye kapu la nguo chafu. Alisema mtu akishaiona kamera huanza kudanganya.

Safari hii alitaka msiba, na maiti awe Mwantumu. Nyumba ikapatikana Makorora, turubai likafungwa, mabenchi yakapangwa, masufuria ya wali yakabandikwa uani kwelikweli. Mama wa marehemu alikuwa Bi Zamda, mwigizaji wa siku nyingi, bingwa wa kilio. Bi Zamda akiambiwa "lia" machozi yanashuka. Akiambiwa "basi" yanakauka, na hapo hapo anauliza chai iko wapi. Alikuwa amemzaa Mwantumu katika filamu nyingi, hata Mwantumu akazoea kumwita mama nje ya kazi.

Siku chache kabla ya kazi, Shekue alimuuliza Mwantumu, "Hivi mzee wako bado anatembea na bakora?"

"Kwa nini?"

"Nimeuliza tu."

Mtu anauliza tu! Mwantumu akaliweka moyoni. Siku ya pili yake Bi Zamda naye akamuuliza, "Kwenu Pangani nyumba iko upande gani wa msikiti?"

"Pangani una nini, mama?"

"Kuna mtu ataniuzia nazi."

Hilo nalo akaliweka moyoni. Na asubuhi ya kazi, alipopita jikoni, alimkuta Bi Zamda ameinama nyuma ya mlango, simu sikioni, mkono umefunika mdomo. Bi Zamda alipomwona akaikata simu.

"Nani huyo?"

"Mwenye nazi," akasema Bi Zamda, akageukia sufuria, akaanza kukoroga wali ambao haukuhitaji kukorogwa.

Mwantumu akamtazama, akamtilia shaka. Lakini alikuwa ameshapakwa poda ya kijivu usoni na watu walikuwa wakimsubiri. Wakamlaza kitandani, wakamfunika sanda, wakamwekea pamba puani, akawa anapumua kwa mdomo kidogo kidogo. Bi Zamda akakaa miguuni pake. Shekue akainama sikioni mwake.

"Hata nyumba ikishika moto, Mwantumu, usifumbue macho mpaka utakaponisikia nimesema 'basi'."

"Na kukitokea jambo?"

"Jambo gani litokee?" akacheka Shekue, akaenda kujificha chumba cha pili.

Kosa likaanzia hapo, na ni kosa la watu wa kazi hii tu. Shekue hakuwaambia majirani. Alitaka mtaa uonekane kama mtaa. Majirani wakaona turubai, wakasikia harufu ya udi, wakamsikia Bi Zamda anavyolia, nao ni watu, wakaja. Wanaume wakavaa kofia wakakaa kwenye mabenchi. Wanawake wakaingia na sukari na unga kwenye vikapu.

"Makiwa!"

"Tunayo," wakajibu waigizaji, maana waliambiwa wasitoke kwenye nafasi zao.

Mama mmoja mwenye kanga ya njano, hajawahi kumwona Mwantumu hata kwa bahati mbaya, akakaa mkekani akaanza kumsifu marehemu. "Alikuwa mtoto haringi. Akikupita anakusalimu." Wenzake wakaitikia, kweli, anakusalimu. Mwantumu akasikia, kicheko kikamjaa kifuani. Hakufumbua macho.

Mzee mmoja wa mtaani akasimama mlangoni, akatangaza kama inavyotangazwa misibani, kwamba mwenye haki yake kwa marehemu aje kwa wafiwa, na aliyekosewa amsamehe. Watu wakasema tumesamehe, tumesamehe. Mwantumu akasikia. Hakufumbua macho.

Halafu uani pakawa kimya. Mtu akasema, "Mpisheni, ndiye baba mtu." Bakora ikagonga sakafu ya ukumbini. Ikagonga tena. Kisha mtu akakohoa, kikohozi kikavu cha mara moja, kile kile alichokuwa akikisikia utotoni kila alfajiri kabla ya adhana.

Mguu wa Mwantumu ukakaza chini ya sanda. Akajua. Akajua pia kwamba akifumbua macho sasa hivi, baba yake atakuwa amesimama mbele ya binti mzima aliyelala katika uongo, na mlango wa radhi hautafunguka tena mpaka kiama. Akataka kuinuka. Akataka kulala vilevile. Akasubiri neno la Shekue, na Shekue hakusema neno.

Mzee Mhando akafika kitandani. Akakifunua kitambaa cha usoni. Watu waliokuwapo wanasema alimtazama muda mrefu, muda ambao mtu wa kazi yake hana sababu ya kuutumia. Kisha akanyoosha mkono, akaishika pamba ya puani, akailegeza upande mmoja.

"Kazi mbovu," akanong'ona. "Pamba haiwekwi hivi."

Hewa ikaingia. Mwantumu akapumua, na hakufumbua macho.

"Mwantumu mwanangu," akasema mzee, sasa kwa sauti ya kusikika mpaka uani. "Nilisema radhi yangu utaipata siku nitakaposimama mbele ya maiti yako. Nimesimama. Nimekupa radhi, duniani na akhera. Uliyonikosea nimekusamehe, niliyoyajua na nisiyoyajua. Mama yako aliniomba nikupe, nikamnyima, na yeye anisamehe. Nasema mbele ya watu hawa, asije mtu kesho akasema sikutoa."

Sauti ikamkatika. Tone la maji likaonekana kwenye pembe ya jicho la maiti. Mzee akalifuta upesi na ncha ya kilemba chake, akarudisha kitambaa usoni, akatoka. Wanawake wote walikuwa wakilia, hata wale waliokuja kwa ajili ya wali.

"Basi!" Shekue akaita kutoka chumba cha pili. Sasa ndipo alipoliona hilo neno!

Mwantumu akaruka kitandani na sanda yake, pamba zikaanguka, akakimbilia uani na uso wa kijivu. "Baba! Baba!"

Ndugu zangu, Makorora haijaona mbio kama zile. Mabenchi yalipinduka. Mama wa kanga ya njano alipita juu ya sufuria na hakuligusa. Yule mzee aliyetangaza msamaha alivuka ukuta wa jirani ambao kwa siku za kawaida asingeweza hata kuuegemea. Ua ukabaki mtupu, wali unaungua.

Mtu mmoja tu hakukimbia. Mzee Mhando alisimama palepale na bakora yake. Akamtazama binti yake kutoka kichwani mpaka miguuni, akaiona na ile kamera ya kwenye kapu ambayo sasa ilikuwa imejitokeza kati ya nguo.

"Kumbe mpo kazini," akasema. Akageuka, akaenda zake.

Mwantumu akakaa chini kwenye mchanga na sanda yake, akalia kilio ambacho Shekue hakukipiga picha, au labda alikipiga, maana yule mtu hajulikani.

Siku iliyofuata akaenda kwenye chumba cha Shekue cha kuunganishia picha. Chumba kidogo, kompyuta moja, feni inayopiga kelele. Akamkuta Shekue, akamkuta na Bi Zamda, na wote wawili wakanyamaza alipoingia. Hilo nalo akaliona.

"Nani alimwita baba yangu?"

Shekue akamtazama Bi Zamda. Bi Zamda akamtazama Shekue.

"Msitazamane. Nani?"

"Mimi ndiye niliyepiga simu," akasema Bi Zamda. "Nilimwambia umefariki. Lakini muulize na huyu ni nani aliyenitia maneno kinywani."

"Mimi?" Shekue akacheka kile kicheko chake. "Mimi nilisema tu, laiti baba yake wa kweli angekuwepo. Mtu akisema laiti amemtuma mtu?"

"Ulisema ukinitazama."

"Nilikuwa nakutazama kwa sababu ulikuwa mbele yangu!"

"Na uani ulimwambia yule kijana wa mlangoni asimzuie mzee yeyote mwenye bakora. Nilikusikia."

Shekue akaacha kucheka. "Sawa. Mimi ndiye niliyeacha mlango wazi. Lakini sikilizeni. Miaka yote Mwantumu anasema anataka radhi. Anakwenda kwa masheikh, anapeleka kanzu, anarudi analia. Nani aliyemletea? Ni mimi. Bila msiba wangu mzee asingesimama pale. Kama kuna mtu anastahili ahsante, ni mimi."

"Wewe ulitaka picha," akasema Mwantumu.

"Nilitaka picha, nikapata picha, na wewe ukapata radhi. Nani amepunjwa?"

"Baba yangu."

Hapo Bi Zamda akajifuta uso na kanga. "Mimi baba yangu alikufa hajanisemesha," akasema. "Kwa ajili ya kazi hii hii. Nilipofika kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa. Kila ninapoambiwa lia, nalilia lile kaburi. Nikasema huyu mtoto asije akawa kama mimi. Nimesema uongo, ndiyo, dhambi yake naibeba. Kama kuna mtu anastahili ahsante, ni mimi, maana huyu alifanya kwa ajili ya filamu na mimi nimefanya kwa ajili yako."

Machozi yakamshuka. Mwantumu akayatazama, akashindwa kujua kama ni ya kaburi au ni yale ya kazini. Ndiyo taabu ya kuishi na waigizaji, hata ukiwa mwigizaji mwenyewe.

"Mmemtesa mzee wa watu," akasema. "Mmempa msiba wa mwanawe ambaye hajafa. Mmemdanganya."

"Tumemdanganya wote," akasema Bi Zamda, na machozi yakakauka. "Usijitie malaika, mwanangu. Mimi nilikuwa miguuni pako, mkono wangu umekaa juu ya sanda. Mzee alipokohoa mguu wako ulikaza. Ulimjua kabla hajafika kitandani. Ungeweza kuamka."

"Niliambiwa nisifumbue macho."

"Uliambiwa na Dairekta, au uliambiwa na moyo wako?"

Mwantumu akaigeukia feni. Aibu ikampanda mpaka masikioni, kwa sababu swali lile alikuwa amejiuliza usiku kucha, na kila alipojijibu, jibu lilikuwa tofauti.

Shekue, kwa kuwa ni Shekue, akawasha kompyuta. "Kabla hamjaendelea kugombana, tazameni hapa." Akaonyesha mkono wa mzee unaoishika pamba. Akarudisha nyuma, akaonyesha tena. "Huyu ni mwosha maiti. Maisha yake yote ameshika waliokufa. Mnaniambia ameweka vidole kwenye pua ya mtu anayepumua, asijue? Angalieni, ameilegeza ili binti apate hewa. Mzee alijua. Alijua, akaigiza kuliko sisi sote."

"Ni mazoea ya kazi," akasema Bi Zamda. "Mshonaji akiona upindo umekaa vibaya anaurekebisha hata kama nguo si yake. Alisema mwenyewe, kazi mbovu."

"Na mbona hakukimbia?"

"Mtu anayelala na kuamka na maiti akimbie nini?"

"Na hilo tone? Kwa nini alilifuta upesi hivyo? Maiti hatoi machozi. Aliona chozi la binti akalificha tusilione."

"Lilikuwa chozi lake mwenyewe limemdondokea mwanawe. Angeliacha?"

Wote wakamgeukia Mwantumu, maana yeye peke yake angejua. "Lilikuwa chozi la nani?" akauliza Shekue.

Mwantumu akasogea karibu na kioo cha kompyuta. Akatazama uso wake wa kijivu, na ule mkono wenye mishipa ukija na ncha ya kilemba. Alikumbuka unyevu. Alikumbuka mkono unanuka karafuumaiti, kama ulivyonuka siku zote za utoto wake. Lakini unyevu ule ulitoka wapi hakuweza kusema, na hata kama angeweza, hakutaka Shekue awe mtu wa kwanza kuujua ukweli wa nyumbani kwao.

"Picha hii haitoki," akasema, "mpaka baba aseme."

"Na akikataa? Mwantumu, hakuna mtu nchi hii amewahi kupata picha kama hii."

"Akikataa utaizika. Msiba si tulishauandaa?"

Akafunga safari ya Pangani. Njia nzima aliwashuku watu wote. Alimshuku Shekue kwamba picha ameshaiuza kwa siri. Alimshuku Bi Zamda kwamba baba wa kaburini hakuwahi kuwapo. Akamshuku baba yake kwamba alijua. Akajishuku mwenyewe, kwamba alilala kimya kwa hila, si kwa hofu. Na juu ya yote alikuwa na woga mmoja, kwamba atafika, na mzee atasema, "Nirudishie nilichokupa."

Mzee Mhando alikuwa barazani, anapima shuka nyeupe kwa mkono na kuikata. Mwantumu akavua viatu chini ya ngazi.

"Shikamoo baba."

Mkasi ukatembea mpaka mwisho wa kitambaa.

"Marahaba," akasema mzee.

Tangu siku ya ule mto alikuwa hajawahi kuiitikia shikamoo yake. Mzee akaingiza mkono nyuma ya kiti chake, akatoa mto uliochakaa, mistari yake imefifia, akausukuma kwake. "Kaa."

Ulikuwa ule ule, mto aliopewa na mtu wa msikitini. Mwantumu akaukalia, hajui kama amekaribishwa au amekumbushwa. Mzee akammiminia chai kwenye kikombe cha marehemu mama yake.

"Nimekuja kuomba radhi, baba."

"Radhi nilishaitoa."

"Ndiyo, baba."

"Lakini niliitoa kwa maiti. Wewe nakuona mzima."

Mwantumu akakishika kikombe kwa mikono miwili. "Radhi ikishatoka kinywani inarudi?"

"Inategemea ilitolewa kwa nani, na ilipokewa na nani." Akaikunja ile shuka, akaiweka kando. "Yule mama wa simu aliniambia uongo, nimemwachia Mungu. Yule kijana wa makamera naye nimemwachia Mungu. Wao ni watu baki. Mimi nataka kujua letu, mimi na wewe."

"Hata mimi, baba."

"Basi uliza."

Mwantumu akakitua kikombe. "Baba, uliposhika ile pamba, ulijua kwamba mimi mzima?"

Mzee Mhando alimtazama kama alivyomtazama kitandani, muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Na wewe, nilipokohoa mlangoni, ulijua kwamba ni mimi?"

Wakatazamana. Kila mmoja akamwona mwenziwe anavyopima.

Maana fikirieni, ninyi mnaosikiliza. Baba akisema "nilijua," basi radhi ameitoa kwa mtu mzima na ni halali kabisa, lakini atakuwa amevunja neno lake mwenyewe, na tena atakuwa ameigiza mbele ya Makorora nzima, yeye aliyemkataa mwanawe kwa kuigiza. Akisema "sikujua," basi radhi ilikuwa ya maiti, na maiti hayupo, na binti atashuka ngazi zile mikono mitupu. Binti naye akisema "nilijua," amekiri kwamba alilala akamsikiliza baba yake akilia, akachukua kwa macho yaliyofumbwa kitu asichopewa kwa macho wazi. Akisema "sikujua," atakuwa anasema uongo, na ataulizwa sura ni ya nani, sauti ni ya nani, na safari hii hapatakuwa na mtu wa hadithi wa kumsingizia.

Mwantumu alimpenda baba yake, na mzee alimpenda mwanawe, hilo halina ubishi. Lakini kila mmoja alimsubiri mwenziwe aanze, na kila mmoja aliogopa kwamba mwenziwe akinyamaza ni kwa sababu anaigiza. Chai ikapoa. Jua likahama kutoka ngazi ya chini likaja ya pili.

Mimi nimewaacha pale pale barazani, na sirudi kuwasikiliza, maana nisingeamini jibu hata ningelisikia. Shekue aliyeacha mlango wazi na Bi Zamda aliyepiga simu, wagawieni ahsante na lawama mnavyopenda. Nawauliza la wale wawili. Na wewe uliyefumba macho hapo ukutani, najua unasikia, umesikia yote tangu mwanzo. Fumbua, utuambie: kati ya baba na mwana, je, nani alistahili kujibu kwanza?